UPDATE imerudisha 0, mstari upo: mwongozo kamili wa kusoma idadi ya mistari iliyoguswa

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa vijana wanaotengeneza mifumo ya maduka hapa Dar huwa unafanana. "Kaka, mfumo unamwambia keshia bidhaa haipo, na mimi nikifungua jedwali naiona." Mwingine analalamika kwamba mteja kalipa mara moja, kaletewa risiti mbili. Mwingine stoo yake inasoma -2 na tajiri anataka maelezo.

Ukifungua msimbo wao, karibu kila mara kiini ni kilekile: programu imetuma amri ya UPDATE, kanzidata imerudisha namba ya mistari (rekodi) iliyoguswa, na programu imefanya uamuzi kwa namba hiyo bila aliyeiandika kujua namba inajibu swali gani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke ya 2 na ya 3, maana zilizobaki zimejengwa juu yake.

## Mahitaji

- MySQL 8 au MariaDB kwenye kompyuta yako. Ukiwa na PostgreSQL pia, itakusaidia kulinganisha.
- Madirisha mawili ya terminali, yote yameingia kwenye kanzidata moja.
- Lugha unayotumia kazini. Mifano yangu ni ya PHP kwa sababu ndiyo wengi wenu mnatumia, ila nitataja Java, Go, Python na Node pale zinapotofautiana.
- Kanzidata ya majaribio. Usifanye hatua hizi kwenye kanzidata ya duka linalouza. Baadhi yake zinafunga mistari kwa makusudi, na keshia wa Kariakoo atakwama na foleni mbele yake.

## Hatua ya 1: Tengeneza jedwali la majaribio

```
CREATE TABLE bidhaa (
  id INT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(60),
  bei INT,
  stoo INT,
  toleo INT NOT NULL DEFAULT 1
);

INSERT INTO bidhaa VALUES
  (1, 'Khanga doti', 12000, 40, 1),
  (2, 'Kitenge', 18000, 25, 1),
  (3, 'Shuka', 15000, 0, 1);
```

Umefanikiwa ukiona bidhaa tatu unapolisoma jedwali. Safu ya `toleo` iache kwanza, kazi yake iko hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Zione hesabu mbili kwa macho yako

Bei ya khanga ni 12000. Iandike tena 12000 hiyohiyo:

```
UPDATE bidhaa SET bei = 12000 WHERE id = 1;
```

MySQL itakujibu hivi:

```
Query OK, 0 rows affected
Rows matched: 1  Changed: 0  Warnings: 0
```

Tulia hapo, usome vizuri. Mstari umepatikana mmoja, uliobadilika hakuna. MySQL ikikuta thamani unayoiandika ni ileile iliyopo, haiandiki kitu. Kwa hiyo kuna mistari iliyolingana na sharti la WHERE, na kuna mistari iliyobadilika kweli. Ni hesabu mbili tofauti.

Sasa jaribu bidhaa ambayo haipo:

```
UPDATE bidhaa SET bei = 12000 WHERE id = 99;
```

Safari hii zote mbili ni 0. Ona hatari ilipo: programu inayopokea hesabu ya mistari iliyobadilika inapata 0 kwa bidhaa iliyopo na 0 kwa bidhaa isiyokuwepo, na haina namna ya kuzitofautisha. Keshia akifungua fomu ya bidhaa, asibadilishe kitu, akabonyeza "Hifadhi", mfumo unamwambia "Bidhaa haipo". Hilo ndilo lalamiko la kwanza hapo juu.

PostgreSQL haina tatizo hili. Amri ya kwanza ingejibiwa `UPDATE 1`, kwa sababu inahesabu mistari iliyolingana hata kama thamani ni ileile. SQLite nayo hufanya hivyo. Ndiyo maana mfumo uliojaribiwa kwenye SQLite ya laptop unafanya kazi vizuri, ukihamia MySQL ya seva unaanza kulalamika.

## Hatua ya 3: Jua draiva yako inakuletea hesabu ipi

Terminali imekuonyesha hesabu zote mbili. Programu yako kwa kawaida inapewa moja, na anayechagua ni draiva, ile maktaba inayounganisha programu na kanzidata. Wakati wa kuunganisha, draiva huiambia MySQL ipi inaitaka, kupitia chaguo linaloitwa FOUND_ROWS.

Hali ilivyo bila kubadilisha chochote kwenye MySQL:

- PHP, PDO na mysqli: mistari iliyobadilika. Laravel inapita PDO, kwa hiyo nayo ni hivyohivyo.
- Go, draiva ya go-sql-driver: iliyobadilika. Ukitaka iliyolingana, ongeza `clientFoundRows=true` kwenye anwani ya muunganisho.
- Java, Connector/J: iliyolingana. Ukitaka iliyobadilika, weka `useAffectedRows=true`.
- Python, Django: iliyolingana. Django huwasha FOUND_ROWS yenyewe.
- Node, mysql2: inakupa zote, `affectedRows` kwa iliyolingana na `changedRows` kwa iliyobadilika.

Kwa PHP, chaguo linawekwa pale unapofungua muunganisho:

```
$pdo = new PDO($dsn, $mtumiaji, $siri, [
    PDO::MYSQL_ATTR_FOUND_ROWS => true,
]);
```

Usijaribu kuliweka baadaye. Makubaliano haya hufanyika wakati wa kuunganisha tu.

Onyo. Mfumo ukiwa tayari unafanya kazi, usiwashe chaguo hili kwa haraka. Tafuta kwanza kila mahali panaposoma `rowCount()`, kazi ya PDO inayorudisha idadi hii. Huenda kuna sehemu inayotegemea mistari iliyobadilika ili kuamua kama itume SMS kwa mteja. Ukiliwasha bila kuangalia, wateja wataanza kupokea SMS za mabadiliko ambayo hayakutokea.

Umefanikiwa ukirudia amri ya kwanza ya hatua ya 2 kutoka kwenye programu, mara moja bila chaguo na mara moja ukiwa nalo, na namba ikatoka 0 kisha 1. Usiniamini mimi kwa orodha tu. Jaribu kwenye toleo lako.

### Mtego wa safu ya muda

Wengine hawaoni tatizo hili kwa miezi, halafu linaibuka kwa keshia mmoja tu. Chanzo huwa ni safu ya muda wa mabadiliko. Laravel, kwa mfano, huandika `updated_at` kila unapotuma `update()` kupitia swali la modeli, kama `Bidhaa::where(...)->update(...)`, na muda ukishasogea mstari unahesabika umebadilika. Lakini muda huo mara nyingi unatunzwa kwa sekunde. Amri ileile ikitumwa mara mbili ndani ya sekunde moja, ya pili inarudisha 0. Keshia mwepesi wa mkono anabonyeza kitufe mara mbili, ujumbe wa "Haipo" unatokea, na wewe ukijaribu nyumbani polepole huuoni.

Na usitegemee `ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP` ikuokoe. MySQL haiisogezi safu hiyo kama safu nyingine zote zimebaki na thamani zilezile.

## Hatua ya 4: Tenganisha sifuri na kosa

Sifuri ni jibu halali: amri imekwenda, imefanyika, haikugusa mstari. Kosa ni kitu kingine, na kila lugha ina alama yake.

Kwenye PHP, `exec()` ya PDO inaweza kurudisha 0 au `false`, na ukilinganisha kwa `==` vitu hivyo viwili vinaonekana sawa. Tumia `===`. Kuanzia PHP 8.0 PDO hurusha kosa yenyewe, ila seva nyingi bado zina PHP ya zamani, kwa hiyo weka `ERRMODE_EXCEPTION` wewe mwenyewe. mysqli hurudisha -1 amri ikishindwa.

Kwenye Python, -1 maana yake draiva haiwezi kujua idadi. Kwenye Java, ukituma amri kwa mafungu, unaweza kupata -2: amri imefanikiwa, idadi haijulikani. Na SQL Server ikiwa imewekewa `SET NOCOUNT ON`, programu ya .NET inapokea -1 hata kama mistari elfu imebadilika.

Kwa hiyo usiandike "kama si sifuri, imefanikiwa". Hiyo -1 itapita kama mafanikio. Andika namba unayoitegemea: `=== 1`.

## Hatua ya 5: Weka sharti ndani ya WHERE

Hii ndiyo hatua ninayotaka uielewe kuliko zote. Ukiishika, swali la draiva gani inahesabu nini linapungua uzito.

Chukua doti ya mwisho ya khanga. Keshia wa Kariakoo anamhudumia mama aliyesimama mbele yake. Dakika hiyohiyo, dada anayepokea oda za WhatsApp anaingiza oda ya mteja wa Mbagala. Programu zote mbili zinasoma stoo, zinakuta 1, zinasema "ipo", kisha kila moja inatuma:

```
UPDATE bidhaa SET stoo = stoo - 1 WHERE id = 1;
```

Zote mbili zinarudishiwa 1. Stoo inabaki -1. Watu wawili wamelipia doti moja, na bodaboda wa Mbagala anakuja kuchukua mzigo ambao haupo.

Kosa limekaa kwenye nafasi kati ya kusoma na kuandika. Iondoe nafasi hiyo kwa kuiachia kanzidata ikague na kuandika kwa amri moja:

```
UPDATE bidhaa SET stoo = stoo - 1
WHERE id = 1 AND stoo >= 1;
```

Sasa 1 maana yake umeuza, na 0 maana yake hukuuza. Angalia uzuri wake: ukipunguza kiasi kilichozidi sifuri, stoo lazima ibadilike, kwa hiyo mistari iliyolingana na iliyobadilika ni idadi ileile. Draiva ya PHP na ya Java zitakupa jibu moja. Hakikisha tu programu inakataa kiasi cha 0 au cha hasi kabla ya kufika hapa. Hasi ingeongeza stoo badala ya kupunguza.

### Ijaribu kwa madirisha mawili

Weka stoo iwe 1. Kwenye dirisha la kwanza fungua muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja:

```
START TRANSACTION;
UPDATE bidhaa SET stoo = stoo - 1 WHERE id = 1 AND stoo >= 1;
```

Kwenye dirisha la pili tuma UPDATE hiyohiyo. Itasimama kimya, inasubiri. Rudi la kwanza, andika `COMMIT;` kuukubali muamala. La pili litaamka na kukuambia mistari 0. Hayo ndiyo mafanikio ya hatua hii: la pili limesubiri, likaangalia stoo kama ilivyo sasa, likakuta sharti halitimii.

Ukichelewa kuandika COMMIT, MySQL itamkatia aliyesubiri kwa kosa namba 1205. Muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 50. Hilo ni kosa, si sifuri, na programu yako lazima ilishughulikie kama kosa: ijaribu tena, isimwambie mteja kwamba mzigo umeisha.

PostgreSQL ikiwa kwenye hali yake ya kawaida ya kutenganisha miamala, READ COMMITTED, inafanya vivyo hivyo. Ukiipandisha iwe REPEATABLE READ, wa pili harudishiwi 0, anarushiwa kosa, na inabidi aanze muamala upya.

### Sasa uiweke kwenye programu

```
$pdo->beginTransaction();

$q = $pdo->prepare(
  'UPDATE bidhaa SET stoo = stoo - ?
   WHERE id = ? AND stoo >= ?');
$q->execute([$kiasi, $id, $kiasi]);

if ($q->rowCount() !== 1) {
    $pdo->rollBack();
    return false;
}

$m = $pdo->prepare(
  'INSERT INTO mauzo (bidhaa_id, kiasi) VALUES (?, ?)');
$m->execute([$id, $kiasi]);
$pdo->commit();
return true;
```

Kupunguza stoo na kuandika mauzo viko ndani ya muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, aidha vyote vimeingia au hakuna kilichoingia.

Ukipata `false`, hujui bado kama bidhaa imeisha au namba yake imekosewa. Hapo ndipo unaposoma jedwali, kwa ajili ya kuchagua maneno ya kumwambia keshia. Uamuzi wa kuuza umeshafanyika, usiurudie kwa namba uliyosoma.

Ongeza na ulinzi wa chini kabisa, `CHECK (stoo >= 0)` kwenye jedwali. MySQL inautekeleza kuanzia 8.0.16. Kabla ya hapo iliupokea bila kuufanyia kazi, kwa hiyo angalia toleo la seva.

## Hatua ya 6: Linda marekebisho kwa safu ya toleo

Stoo hupungua, bei huandikwa upya. Tajiri yuko Tegeta na simu yake anapandisha bei ya kitenge kuwa 20000. Dukani, msaidizi alifungua fomu hiyohiyo dakika tano zilizopita ili asahihishe jina. Akihifadhi, fomu yake inairudisha bei ya zamani, 18000, na hakuna anayejua.

Soma `toleo` pamoja na data nyingine unapofungua fomu, kisha lidai wakati wa kuhifadhi:

```
UPDATE bidhaa
SET jina = ?, bei = ?, toleo = toleo + 1
WHERE id = ? AND toleo = ?;
```

Kwa kuwa toleo linaongezeka kila mara, hapa pia hesabu mbili zinakubaliana. Ukipata 1, umehifadhi. Ukipata 0, mwingine amekutangulia au bidhaa imefutwa. Mwambie mtumiaji aifungue upya, usihifadhi kwa nguvu.

Wanaotumia Hibernate, maktaba ya Java ya kanzidata, wanapata jambo hili tayari kupitia `@Version`: inaisoma idadi hii yenyewe na kurusha kosa isipolingana na inayotegemewa.

## Hatua ya 7: Uthibitisho wa malipo unaokuja mara mbili

Mitandao ya malipo ya simu hutuma taarifa kwenye seva yako mteja akishalipa. Jibu lako likichelewa, taarifa hutumwa tena. Hilo ni jambo la kawaida, lipange tangu mwanzo:

```
UPDATE oda SET hali = 'imelipwa'
WHERE id = ? AND hali = 'inasubiri';
```

Kwa 1, toa risiti na utume SMS. Kwa 0, soma hali ya oda: kama ni 'imelipwa', mjibu mtumaji kwamba umepokea, na uishie hapo. Ukimjibu kwa kosa, ataendelea kutuma. Kama oda haipo kabisa, iandike pembeni ifuatiliwe na mtu, maana kuna hela imeingia isiyo na mwenyewe.

Angalizo: kama safu ya hali inaweza kuwa tupu, `hali = NULL` hailingani na kitu chochote na utapata 0 milele. Andika `hali IS NULL`.

## Hatua ya 8: Amri zenye hesabu zao za pekee

`INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE` ya MySQL inarudisha 1 kwa mstari mpya, 2 kwa mstari uliokuwepo na umebadilishwa, 0 kwa uliokuwepo na haukubadilika. Hiyo 2 inawashtua wengi, wakadhani mistari miwili imeguswa. Na ukiwa umewasha FOUND_ROWS, ile 0 inageuka 1, kwa hiyo huwezi tena kuitofautisha na mstari mpya.

`REPLACE` hujumlisha iliyofutwa na iliyoingizwa.

Mistari inayofutwa kwa `ON DELETE CASCADE` haihesabiwi. Ukifuta mteja mmoja mwenye oda mia, unarudishiwa 1.

Kwenye PostgreSQL, triga (msimbo unaojiendesha wenyewe ndani ya kanzidata) ya BEFORE UPDATE inaweza kuzuia mstari usiandikwe, na idadi ikapungua. Ukihitaji kujua mistari gani hasa imeguswa, tumia `RETURNING`. Ipo PostgreSQL, na SQLite kuanzia 3.35.

## Hatua ya 9: Unapogusa mistari mingi

Kupandisha bei za duka zima, fungua muamala kwanza, hesabu kwa SELECT COUNT yenye WHERE ileile, tuma UPDATE, linganisha. Ulitegemea 25 ukaona 4300, andika `ROLLBACK;` kufuta mabadiliko. Kwenye terminali ingia na `mysql --safe-updates`, itakataa UPDATE isiyo na ufunguo kwenye WHERE wala LIMIT.

## Kabla ya kupeleka dukani

Andika majaribio manne na uyaendeshe kwenye kanzidata ya aina ileile iliyoko kwenye seva, si SQLite: thamani mpya, thamani ileile, id isiyokuwepo, na programu mbili zinazogombea doti moja. La nne liendeshe mara nyingi mfululizo. Kila mara jumla ya mauzo iwe 1 na stoo 0. Likikupa mauzo mawili hata mara moja, sharti lako bado liko nje ya WHERE. Jaribio la pili likitoa jibu sawa na la tatu, rudi hatua ya 3.